Muziki Uliofunika Sauti ya Bibi

Jioni moja ya Agosti mwaka 2019, katika kijiji kimoja cha Tarafa ya Isimani mkoani Iringa, tulitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa nyumba ya matofali ya kuchoma, tukawasha projekta tuliyoiazima, tukawaalika majirani waje kutazama filamu fupi. Filamu hiyo ilikuwa kazi ya mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu. Mhusika wake mkuu alikuwa bibi yake mzaa mama, mwanamke wa miaka 75, ambaye siku hiyo aliketishwa mbele kabisa kwenye kiti cha plastiki, amejitanda kitenge juu ya sweta.

Filamu ilidumu dakika 5. Ilianza kwa jua likichomoza juu ya mashamba, kikafuata kinanda cha huzuni, kisha sauti ya binti akisimulia kwa Kiswahili fasaha maisha ya bibi yake. Ilipokwisha, watu walipiga makofi. Bibi hakupiga. Alimgeukia mjukuu wake, akamuuliza jambo kwa Kihehe. Binti aliinama, hakujibu. Nilipomwomba anitafsirie alisita kwanza, kisha akasema: "Mwalimu, bibi anauliza huyu anayesema ni nani, na yeye mwenyewe kwa nini amenyamazishwa."

Nimeandika mengi katika ukurasa huu kuhusu makosa ya serikali, ya vyama na ya vyuo vyetu. Leo naandika kuhusu kosa langu mwenyewe, kwa sababu naamini si langu peke yangu. Ni kosa tunalolifanya kila siku madarasani, maofisini na katika harakati, kisha tunalipa alama za juu.

Somo ninalofundisha hapa Mbeya lina zoezi linaloitwa masimulizi ya kidijitali. Mwanafunzi huchagua kisa cha kweli, akakisimulia kwa dakika zisizozidi 5 kwa kuunganisha sauti, picha mnato, picha mjongeo, muziki na maandishi. Wataalamu huviita vitu hivyo kwa jumla midianuwai. Hatuna studio ya kujivunia. Wanafunzi hurekodi kwa simu zao, huhariri kwa programu za bure, na usiku hukaa nje ya bweni wakisubiri bando la bei nafuu ili wapakie kazi zao. Pamoja na uhaba huo, zoezi hili hupendwa kuliko mengine yote, maana ni mahali pekee ambapo mwanafunzi wetu haulizwi alichosema profesa fulani wa ng'ambo. Anaulizwa alichokiona yeye.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijisifu. Lakini karatasi yangu ya kusahihishia ilisema mengine. Ubora wa picha ulikuwa na alama 30. Muziki na sauti za ziada, alama 20. Uhariri, alama 20. Usimulizi kwa Kiswahili sanifu, alama 20. Maudhui, alama 10. Ndugu msomaji, rudi uisome tena hesabu hiyo, maana mimi niliitia saini miaka 4 mfululizo bila kuisoma.

Binti huyu wa Isimani aliponiletea rasimu yake ya kwanza, ilikuwa na urefu wa dakika 11 na picha 3 tu: mikono ya bibi, jembe lisilo na mpini, na kihenge kitupu cha mahindi. Sauti yote ilikuwa ya bibi mwenyewe, kwa Kihehe. Nyuma yake walisikika kuku, na mtoto wa jirani akilia. Niliitazama ofisini huku nikisahihisha kazi nyingine, nikaandika pembeni maoni matano ambayo bado ninayo: muda umezidi, kelele za kuku ziondolewe, lugha haieleweki kitaifa, kuna ukimya mrefu dakika ya 8, ukatwe, hakuna muziki.

Kisha nikamwomba anieleze kwa kifupi bibi alikuwa anasema nini.

Hapa yanipasa kuwakumbusha wasomaji vijana kisa cha Isimani. Tangu miaka ya 1950 ukanda huo, ulioko kaskazini mwa mji wa Iringa kwenye barabara ya kwenda Dodoma, ulijulikana kwa kilimo kikubwa cha mahindi. Walikuwapo wakulima wenye matrekta na mashamba mapana, na walikuwapo wengi zaidi waliolima kidogo au kulimia wenzao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampeni ya vijiji vya ujamaa ilifika huko kwa nguvu, chini ya Mkuu wa Mkoa Dk. Wilbert Kleruu. Siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1971, Dk. Kleruu alipigwa risasi na kuuawa na mkulima Said Mwamwindi shambani kwake. Mwamwindi alishtakiwa, akahukumiwa kifo, akanyongwa. Leo jina la Dk. Kleruu limepewa chuo cha ualimu mjini Iringa, na wanafunzi wa siasa na historia hulisoma tukio hilo kama sura ya mvutano kati ya dola na mkulima. Waliolieleza kwa kalamu ni wanasheria, wanasiasa na wasomi. Wanawake waliokuwa wakipika Krismasi hiyo ni nadra kuwasikia.

Bibi wa mwanafunzi wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka 27 na mtoto mgongoni. Alisimulia walivyohamishwa wakaacha nyumba na kihenge kilichojaa, na jinsi alivyokuwa akirudi usiku kuchota mahindi yake mwenyewe kama mwizi. Alisimulia siku habari za kifo zilipofika: wanaume walivyoacha kuzungumza, na mume wake alivyoacha moja kwa moja kulitaja shamba la zamani, hata alipokuwa mgonjwa wa mwisho. Halafu, katika dakika ile ya 8, alisema maneno ambayo binti alinitafsiria hivi: "Watu husema Isimani alikufa mtu mmoja. Walikufa wawili, na wote wawili walikuwa na mama."

Baada ya maneno hayo alinyamaza. Huo ndio ukimya nilioagiza ukatwe.

Tena sikukata ukimya peke yake. Nilimwambia binti, kwa upole wa mtu anayejiona analinda, kwamba sentensi ile ni nzito kwa kazi ya darasani. Kwamba kazi hizi huonyeshwa mbele ya wageni wa chuo. Kwamba ni afadhali kisa kielemee zaidi ujasiri wa mwanamke wa kijijini. Sikupokea agizo kutoka kwa mtu yeyote. Mwaka mmoja kabla, mwaka 2018, zilikuwa zimetoka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizowataka wenye blogu wawe na leseni, na ada zake kwa jumla zilizidi shilingi milioni mbili. Wengi wetu tulijifunza mapema kujikagua kabla ya kukaguliwa. Mkaguzi aliyekaa ofisini kwangu siku ile alikuwa mimi.

Binti alitii, maana mwanafunzi wetu amelelewa kutii. Alirudi baada ya majuma mawili na filamu safi. Kiswahili cha redioni, kinanda alichokipakua mtandaoni, picha za mawio, mikono ya bibi ikipita polepole kwenye kioo. Nilimpa alama 86, za juu kuliko zote darasani. Ilionyeshwa mbele ya wageni, na mmoja wao alitokwa na machozi. Nadhani alilizwa na kinanda, kwa kuwa bibi hakuwamo.

Turudi kwenye shuka jeupe. Baada ya swali la bibi nilijitetea, kupitia mjukuu wake, kwamba tulitaka Watanzania wote waelewe. Bibi alisikiliza, akasema, kwa Kiswahili safari hii, taratibu, ili nisihitaji mkalimani: "Kiswahili nakijua, mwanangu. Ungeniomba, ningesema kwa Kiswahili. Hukuniomba."

Nilimwahidi kwamba tutaitengeneza upya kwa sauti yake. Tukiwa ndani ya basi la kurudi Mbeya, karibu na Mafinga, nilimwomba binti aihifadhi vizuri ile rekodi ya awali. Aliangalia dirishani, akasema hakuwa nayo. Simu yake ilikuwa imejaa. Ili filamu niliyoitaka iweze kuhaririwa, alifuta rasimu na rekodi zote za mwanzo. Safari kutoka Iringa hadi Mbeya ina zaidi ya kilomita 300, na siku ile nilizihesabu zote.

Tulipanga kurudi likizo iliyofuata. Mitihani ikatubana, kisha mvua, kisha yale ya mwaka 2020 tunayoyajua sote. Bibi alifariki kabla hatujarudi.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza tulipopotea, na nimelazimika kurudi kwenye chanzo cha zoezi lenyewe. Masimulizi ya kidijitali kama tunavyoyafundisha vyuoni yalianzia California, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mikononi mwa wasanii wa jukwaani akina Dana Atchley na Joe Lambert, waliofungua warsha San Francisco na baadaye kituo huko Berkeley. Waliwakusanya watu wa kawaida, wasio watengenezaji wa filamu, wakawasaidia kutengeneza visa vifupi vya maisha yao kwa picha za albamu ya nyumbani na sauti zao wenyewe. Walitaja nguzo saba za kazi hiyo. Mojawapo ni zawadi ya sauti ya msimuliaji: kwamba sauti ya mwenye kisa, pamoja na kukwama na kutetemeka kwake, ndiyo inayobeba ukweli ambao maandishi hayawezi kuubeba. Muziki nao umo katika nguzo hizo, lakini kama msaidizi. Warsha ilianza kwa watu kuketi duara na kusikilizana kabla ya mtu yeyote kugusa kompyuta.

Sisi tulileta kompyuta, tukaliacha duara. Na hili si jambo geni katika nchi yetu: tunachukua chombo cha watu upesi, lakini adabu ya kukitumia tunaiona kuwa mapambo. Ajabu ni kwamba adabu hiyo hatukuhitaji kuiagiza kutoka ng'ambo. Ukifika kwa Mhehe, kabla ya shida yako hujaitaja, ni "kamwene" kwanza, na salamu haiishi upesi. Mtu anaulizwa habari zake, za watoto, za shamba, ndipo mgeni anaeleza kilichomleta. Mimi nilimfunza mwanafunzi kubonyeza kitufe cha kurekodi. Sikumfunza kubisha hodi.

Iringa pana mahali panaponifundisha somo hili kila ninapopita. Kalenga, kilomita chache kutoka mjini, katika makumbusho madogo, limehifadhiwa fuvu linalotambuliwa kuwa la Mtwa Mkwawa. Mkwawa alijiua mwaka 1898 akikataa kukamatwa na Wajerumani, na kichwa chake kikakatwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo, na bado lilirudi mwaka 1954 tu, likiletwa na Gavana Edward Twining, baada ya kuchaguliwa kati ya mafuvu mengi yaliyokuwa katika makumbusho ya Bremen. Lilichaguliwa kwa vipimo, maana halikuwa na maelezo ya kutosha ya kulitambulisha. Hebu fikiri: mtu aliyeitikisa himaya, kichwa chake kikawa kitu kisicho na jina kabatini, kwa sababu waliokichukua hawakuona umuhimu wa kuandika ni cha nani na kimetoka wapi. Tena hata baada ya kurudi, Mkwawa tulirudishiwa mfupa. Sauti yake hatunayo.

Mwaka huohuo wa 1954, Hugh Tracey alianzisha huko Afrika Kusini maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika. Ndani yake zimo rekodi alizozifanya alipopita Tanganyika mwaka 1950, ukiwemo muziki wa Wahehe. Kwa hiyo anayetaka kusikia jinsi ligombo lilivyopigwa wakati ule anaweza kulazimika kuutafuta muziki huo maelfu ya kilomita kutoka Iringa. Tunaweza kulalamikia safari hiyo, na tuna haki. Lakini mgeni yule alihifadhi. Mimi, mwenyeji, mwenye simu janja yenye uwezo kuliko mitambo yote aliyoibeba kwenye gari lake, niliagiza pafutwe.

Msomaji asidhani kwamba picha na muziki ni maadui zangu. Nitaeleza visa viwili vinavyoonyesha tofauti ninayoitafuta.

Kisa cha kwanza ni cha darasani kwangu. Kijana mmoja alichagua kusimulia ajali za mteremko wa Iwambi, ule wa kushukia Mbalizi, ambao kila mkazi wa Mbeya anaujua kwa machungu. Mada ilikuwa nzuri na ya haki. Alikuwa na maswali makini kuhusu malori, breki na alama za barabarani. Lakini katikati ya filamu aliweka picha ya marehemu mmoja akiwa barabarani, picha iliyosambaa katika makundi ya WhatsApp, akaiacha kwenye skrini kwa sekunde 9 huku wimbo wa maombolezo ukipanda. Tulipokuwa tukiitazama, binti mmoja aliinuka akatoka. Marehemu alikuwa jirani yao. Alituambia baadaye kwamba mama wa marehemu aliipokea picha hiyo kwenye simu kabla hajaambiwa na mtu yeyote kwamba mwanawe amekufa, na sasa anaikuta hapa tena, imetiwa muziki.

Nilimuuliza kijana picha hiyo inathibitisha nini. Alisema inaonyesha uchungu. Lakini uchungu wa nani? Uchungu wa mama haukuwa wake kuutumia. Kuhusu chanzo cha ajali, picha haikusema lolote: haikuonyesha gari, breki wala barabara. Ilikuwa kitoweo. Alipoiondoa, akaweka mahali pake sauti ya fundi wa gereji akieleza, kwa utulivu, jinsi breki za lori lililozidishiwa mzigo zinavyopata moto hadi zikakataa kushika, darasa zima lilinyamaza. Kwa mara ya kwanza tulijadili nani anapaswa kuwajibishwa.

Kisa cha pili kimo katika kumbukumbu ya taifa. Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, mwandishi wa habari wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliyekuwa mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, aliuawa kwa bomu la machozi akiwa amezingirwa na polisi. Zilikuwapo picha zilizomwonyesha akiwa mikononi mwa askari dakika chache kabla ya kifo. Ni picha za kutisha, na sioni kosa kuchapishwa kwake, maana zilitoa ushahidi. Zilizuia kifo kile kisigeuzwe kuwa uvumi. Mwaka 2016 askari mmoja alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka 15.

Picha hizi za Iwambi na Nyololo zote ni za mateso. Ya Nyololo inamtetea aliyemo ndani yake. Ya Iwambi inamtumia. Hicho ndicho kipimo nilichokosa siku ile nilipokuwa nikiandika maoni yangu matano: kila picha, kila sauti, kila wimbo unaoingizwa katika simulizi uulizwe, unamtetea nani na unamtumia nani? Kinanda cha filamu ya Isimani kilinitetea mimi. Kilifunika sentensi niliyoiogopa, kikawafanya wageni walie bila kulazimika kufikiri.

Naomba tulitazame jambo hili nje ya darasa pia. Nawauliza watumishi wa umma wanaosoma hapa: ni mara ngapi mmetazama video ya mradi wa maendeleo ambamo mwanakijiji anaonekana akitabasamu na kutikisa kichwa, huku sauti ya mtangazaji ikisema kwa niaba yake, na ngoma ikirindima chini? Nanyi wanaharakati, mabango na video zenu za haki za wanawake zimejaa nyuso zisizo na majina na vinywa visivyosikika. Anayeogopa maneno ya mtu huongeza muziki. Ukitaka kujua taasisi inaogopa nini, sikiliza mahali inapopandisha sauti ya ngoma.

Kuhusu lugha, sina jibu jepesi. Mimi mwenyewe ni mtoto wa Kiswahili. Baba ni Mnyakyusa wa Rungwe, mama ni Mbena wa Njombe, na bila Kiswahili pengine wasingeoana, nami nisingekuwapo. Naijua thamani ya lugha iliyotuunganisha, na sitaki vyuo vyetu vigeuke vijiwe vya makabila. Mwenzangu mmoja aliposikia mabadiliko niliyoyafanya alinionya kwamba nafungua mlango ambao waasisi waliufunga kwa hekima. Nilimjibu kwamba redio zetu zinatangaza kwa Kiswahili na Kiingereza, shule zinafundisha kwa Kiswahili na Kiingereza, na bunge ni vivyo hivyo. Taifa halitavunjika kwa sababu bibi mmoja amesikika kwa dakika 5 akisema lugha aliyoolewa nayo, huku maandishi ya Kiswahili yakipita chini ya picha. Kiswahili kilichojengwa kwa kuwakaribisha watu hakihitaji kuwanyamazisha. Lakini nakiri kwamba bibi wa Isimani alitupita sisi sote wawili. Yeye alijua lugha zote mbili, na alichotaka ni kuulizwa.

Basi tulibadilisha utaratibu. Sasa mwanafunzi huja kwanza na sauti peke yake, bila picha yoyote, na darasa huisikiliza tukiwa tumeketi duara. Kama kisa hakisimami kwa sauti tupu, hakuna picha itakayokiokoa. Rekodi ya kwanza haifutwi: nakala moja hubaki kwa mwanafunzi, moja kwenye diski ya idara, na moja hupewa mwenye kisa katika memori kadi, ikiwa na karatasi inayoeleza jina lake kama ameridhia litajwe, mahali, tarehe na lugha. Picha hufuata, na kila picha lazima iseme jambo ambalo sauti haikulisema. Ikiwa bibi anasema "kihenge" na skrini inaonyesha kihenge, tumemwambia mtazamaji kitu kilekile mara mbili. Afadhali aone mikono. Muziki huja mwisho, tena kwa maombi: mwanafunzi aandike sentensi moja kueleza kwa nini unahitajika na ni mali ya nani. Wengi wakishaiandika sentensi hiyo huamua kuuacha.

Kisha, kabla sijasahihisha, mwenye kisa huitazama kazi yenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amweleze anazikusanyia nini. Hilo ni jema. Ila ridhaa ya kwenye karatasi hupatikana kwa dakika moja, na mzee asiyeona vizuri ataweka dole gumba popote atakapoonyeshwa. Ridhaa ya kweli ni kumwonyesha mtu alivyogeuka baada ya kuhaririwa, na kuwa tayari kusikia akikataa.

Utaratibu huu una gharama, sitazificha. Kazi zimekuwa chache na zinachelewa. Nauli ya kurudi Ileje au Makete kumwonyesha mtu filamu yake hailipwi na chuo. Mwanafunzi mmoja alipoteza kisa chote baada ya baba yake kukitazama na kusema hapana. Alilia ofisini kwangu, ikabidi aanze upya majuma mawili kabla ya mtihani. Filamu zetu hazipendezi kama zamani, na wageni wa chuo hawatokwi na machozi kwa urahisi. Huwa wanauliza maswali, na baadhi ya maswali hayafurahishi wenyeji.

Binti wa Isimani alihitimu zamani. Mwaka jana alinipigia simu. Katika simu ya zamani ya dada yake aliyeko Makambako walikuwa wamekuta ujumbe wa sauti ambao yeye mwenyewe aliutuma kwa WhatsApp siku ile ya kurekodi, kumwonyesha dada jinsi bibi anavyosimulia. Alinitumia. Una sekunde 19. Kuku wanasikika. Bibi anakohoa, anamuuliza mjukuu wake kama chombo kimeshawaka, anaambiwa ndiyo, anaanza kutaja jina lake na la kijiji alichozaliwa, na hapo sauti inakatika.

Tumehifadhi nakala tatu. Kila muhula, siku ya kwanza ya zoezi, nawapigia wanafunzi sekunde hizo 19 bila picha na bila muziki, kisha nawaeleza kilichokuwa kikifuata na ni nani aliyeagiza kiondolewe. Halafu nawapa kazi ya juma la kwanza, nami nakuomba wewe msomaji uifanye pia, uwe mwanafunzi, mtumishi au mwanaharakati. Mpigie mzee wako. Msalimie mpaka salamu iishe. Mwombe ruhusa, muulize angependa kusema kwa lugha gani, kisha rekodi, na akinyamaza usiguse kitufe.